Panya wa Chumba cha Utulivu

Siku ya kwanza nilifika kazini viatu vimelowa, maana mvua ilinikuta njiani nikitoka Ibighi nilikopanga chumba. Mzee Ambakisye, msimamizi wangu, hakuniuliza hata jina. Aliniambia ninawe mikono kwa sabuni isiyo na harufu, nikae kwenye kiti kati ya vizimba, nisiguse kitu. Nilikaa saa nzima. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, baiolojia nimesoma, panya nawajua. Jioni niliandika kwenye daftari langu: "Kazi yenyewe ni kukaa. Sidhani kama nitamaliza mwezi."

Nimemaliza miaka minne. Mkataba wangu unaisha Ijumaa, na nimeona nieleze kazi ilivyokuwa, hasa kwako wewe utakayepewa funguo baada yangu.

Cheo changu kilikuwa mhudumu wa wanyama wa maabara. Juu ya Mzee Ambakisye alikuwepo Daktari Mkuu, mama mmoja anayeongea taratibu mpaka unatamani umsaidie kumalizia sentensi. Kituo chetu kidogo hapa Tukuyu kilikuwa kinachunguza jinsi msongo unavyomsukuma kiumbe kunywa pombe. Panya wetu walikuwa wadogo, weusi, wa ukoo unaojulikana kwa kuipenda. Kila kizimba kilikuwa na chupa mbili, moja ya maji matupu, nyingine ya maji yaliyotiwa spiriti kidogo. Panya anachagua mwenyewe. Asubuhi tunapima uzito wa chupa, tunajua amekunywa kiasi gani, halafu tunazibadilisha upande, kwa sababu panya akizoea kushoto atanywa ya kushoto hata kama haitaki. Kizimba kimoja kilikaa kitupu na chupa zake, cha kupimia matone yanayovuja tu.

Mama mwenye nyumba wangu, mpika kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, hakuacha kunitania. Alisema kumbe serikali ina wateja wake wa pombe wasiodaiwa, na mimi ndiye mhudumu wa baa yao.

Vyumba vilikuwa viwili. Cha kwanza panya walishtuliwa kwa ratiba: unamhamishia kwenye kizimba kigeni dakika chache, unamrudisha. Cha pili tulikiita Chumba cha Utulivu. Humo hakuna kumshtua yeyote, ili tulinganishe.

Daktari alinieleza kwamba panya akishtuka, ubongo unatuma habari mpaka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga homoni ya msongo. Kwa panya inaitwa kotikosteroni. Sisi watu tuna ya kwetu, kotisoli. Pombe nayo inaamsha dopamini, kemikali inayoufundisha ubongo kwamba hiki kitu kifuatwe tena. Vikikutana viwili hivyo mara nyingi, panya anaweza kuanza kuifuata chupa kila akibanwa. Nikauliza kama ni wote. Akasema hapana, wengine wakishtuka wanapunguza kunywa, ndiyo maana tunapima, hatubahatishi.

Siku ya kubadilisha maranda, yaani yale ya mbao wanayolalia, lazima umtoe panya kizimbani. Mzee alinifundisha namna moja tu. Unaweka kiganja chini, unatulia. Panya ananusa, anaondoka, anarudi, anapanda. Ndipo unamhamisha. Asipopanda, unasubiri. Na vizimba ni arobaini.

Mimi kusubiri siwezi. Mwaka wa pili nikagundua ukimshika mkia unamnyanyua mara moja, kazi ya asubuhi nzima unaimaliza kabla ya chai. Mzee alikuwa chumba cha mizani akipima chupa, hakuniona. Panya walikuwa wanakojoa hewani na kulia kidogo. Nikajiambia watazoea.

Miezi miwili baadaye hesabu zilivurugika. Panya wa Chumba cha Utulivu walikuwa wanakunywa karibu sawa na wale wanaoshtuliwa. Daktari alidhani ni mvua kupiga bati, lakini mvua ya Tukuyu inapiga vyumba vyote. Akakagua kizimba kitupu, hakikuvuja. Kikabaki kitu kimoja: anayesoma mizani.

Nilikuwa kwenye sinki naosha chupa Daktari alipokuja kuongea na Mzee.

"Mzee wangu, sisemi umekosea," alisema. "Nasema macho yamechoka. Tukupumzishe mapema, mwingine apime."

Mzee alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Mizani hii nimeisoma tangu iingie humu, Mama Daktari. Lakini kama ndivyo unavyoona, sawa."

Hakubishana. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

"Daktari, ni mimi. Nawashika mkia."

"Wote?"

"Wote. Nilikuwa na haraka."

Mzee aliirudisha miwani usoni. Halafu akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani unawahi chai kwa sababu ya njaa."

Daktari hakucheka. Aliniambia nikaandike kwenye kitabu cha chumba, kwa mwandiko wangu, na jina langu chini. Kisha akaagiza kinyesi cha panya kipimwe, maana homoni inaacha alama humo. Majibu yalikuja: wale wa utulivu walikuwa na msongo juu. Mizani haikuwa na kosa, wala macho ya Mzee. Nikamuuliza Daktari kama basi tumegundua kitu. Akasema tumegundua, ila hatuwezi kukitumia, kwa sababu hakuna anayejua nilimshika yupi mara ngapi, siku zipi. Miezi miwili ya kazi ikaenda hivyo.

Hakunifukuza. Tulianza upya na kundi jipya, na Mzee akakaa kwenye kile kiti changu cha siku ya kwanza, akinitazama naweka kiganja. Wiki za mwanzo nilitamani kulia kwa kuchelewa. Baadaye wakaanza kupanda, na chupa za spiriti za Chumba cha Utulivu zikaanza kurudi zimejaa zaidi.

Mzee alistaafu siku yake halisi, kwa chai na ndizi za kuchemsha. Nashukuru kwa hilo kuliko kwa chochote nilichofundishwa. Ule ukurasa wangu bado upo kitabuni. Ukipokea funguo, usome kabla hujagusa kizimba.

Jumapili iliyopita nilimfuata Mzee kijijini kwake Masoko, kwenye migomba yake, kumuaga kwa sababu naenda chuo. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya shukrani. Nikasema "Ndaga fijo", asante sana kwa lugha yetu, nikaishia hapo. Yeye alikuwa anapogoa majani makavu, wala hakugeuka.

"Wanapanda wenyewe?" aliuliza.

"Wanapanda, Mzee."

"Basi kaa unywe chai."

Nikakaa. Chai ilichelewa sana kuchemka, na sikuangalia saa.