Kisanduku cha "Aliyemleta"

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na jamaa zako wakishajua hivyo, wewe ni fundi wao wa bure mpaka uzikwe. Ukoo wetu umetawanyika Bukavu, Katana na Kamituga, na kikundi chetu cha simu kilikuwa soko: tangazo la msiba linapotea katikati ya video za vichekesho. Baba mkubwa, aliyeshika mahali pa baba yetu tangu afariki, akaniita kwake Bagira akataka nitengeneze tovuti ya ukoo, yenye mlango na kufuli.

Kufuli ndiyo iliyotugombanisha. Katika kazi kama ile, jambo gumu si rangi wala picha. Ni kuamua nani aingie, nani asome nini, na nani aweze kumtoa nani. Wazee walitaka chumba chao peke yao. Nikawapa, ingawa niliwaambia kwamba siri zao zote maman zetu wanazijua tayari. Lakini kuhusu wakwe, baba mkubwa alikuwa na kanuni yake: mtu aliyeoa au kuolewa kwetu aingie kupitia yule aliyemleta. Basi kila mkwe akawekewa kisanduku kilichoandikwa "Aliyemleta", na ndani yake jina la mume au mke. Huyo akitoka, mkwe naye anatoka.

Niliuliza: wakiachana? Akasema ndiyo maana yake. Nikauliza: na mmoja akifa? Wazee walinitazama kama mtu aliyetemea mboga mate. Kwetu kifo hakiitwi mezani watu wakiwa wazima. Baba mkubwa akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nikajibu kwamba miguu yangu ni mizima. Hata hivyo niliandika kanuni jinsi walivyoitaka, nikanung'unika njia nzima ya kurudi mjini.

Kisha kaka yangu akafa. Kaka yangu wa tumbo moja. Homa ilimkuta Kamituga, mvua ilikuwa imekata barabara, na walipomfikisha Bukavu daktari hakuweza kitu. Aliacha mke, mwalimu wa shule ya msingi, na binti mdogo, katika nyumba iliyo nyuma ya ile ya baba mkubwa.

Baada ya mazishi, picha yake iliendelea kutokea kila tulipofungua tovuti, akitabasamu. Baba mkubwa hakuivumilia. Aliniomba niifunge konti ya marehemu kwenye tovuti, na mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kuiangalia tena. Nilibonyeza nikilia, wala sikufikiria kingine.

Juma lile wazee waliweka tangazo la kuondoa matanga, siku ambayo ukoo hukaa na kusema mjane na watoto watabaki wapi. Sote tulilisoma isipokuwa wifi yangu. Yeye alipofungua simu alikuta maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu nilipotengeneza tovuti: "Wewe si mwanachama tena." Hakumuuliza mtu. Kwetu mjane haulizi, anangoja kuambiwa, na yeye alidhani ameshaambiwa.

Nilimkuta asubuhi akifunga godoro kwa kamba. Masanduku yalikuwa mlangoni na mtoto amevaa viatu. Nikauliza wanaenda wapi, akasema kwao, Katana. Akanionyesha simu.

"Wifi, mungenitumia hata mutu mumoja," alisema. "Kunifukuza na simu, hapana."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimweleza kisanduku, kanuni, konti iliyofungwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia upuuzi wenyewe. Alinisikiliza kwa subira, kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekuja bila daftari. Nikatoka uani nikamwita baba mkubwa kwa sauti ambayo binti hamwitii mzee.

Alikuja, akasoma maneno yale, akakaa juu ya sanduku. Upesi akapata dawa: nimwingize kupitia mtoto. Wifi akakataa, akasema yeye ndiye aliyemzaa mtoto, siyo mtoto aliyemleta. Mzee akanigeukia.

"Andika jina langu," akaniambia. "Ni mimi nilienda kumuomba kwao. Mutoto wetu, bwana yake, alibakia ku nyumba."

Ilikuwa kweli. Kwetu bwana arusi hajiendei kuomba mke. Ukoo ndio unaokwenda. Kwa desturi yake mwenyewe, kisanduku kile kilikuwa na jina lisilo sahihi tangu mwanzo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Nikafungua kompyuta.

Wifi hakuachia kamba.

"Na siku papa naye atakufa?" aliuliza, akimtazama mzee.

Lilikuwa swali langu lile lile. Lakini mimi nililiuliza nikiwa mtoto wa nyumba, nisiye na kisanduku. Baba mkubwa aliangalia godoro, halafu mtoto. Hakumkemea. Aliinama akaanza kufungua mafundo, na vidole vyake vikateleza, maana mwanamke yule alikuwa amefunga kwa safari isiyo na kurudi.

"Toa hiyo kanuni," alisema bila kuinua kichwa. "Toa kwa wote."

Nikaifuta pale pale, nimekaa sakafuni. Fundo la mwisho lilipoachia, wifi alimwita binti yake, akamvua viatu.