Watoto Wanaofichwa Siku ya Ukaguzi

Yule mama mkaguzi amefariki, wasomaji wangu. Habari nilizipata hapa Nkende kwa fundi wangu wa cherehani, nikipimwa suruali. Fundi aliishusha futi yake, akasema, "Mzee, yule mama aliyekuwa akiwatoa jasho walimu wakuu, ametutoka jana. Inna lillahi." Nikaacha kupimwa, nikakaa kwenye benchi lake. Siku hizi watu wa kazi yake huitwa wathibiti ubora wa shule, lakini sisi tulimwita mkaguzi mpaka anaingia kaburini. Kazi yake ilikuwa kupima kama mtaala unafundisha kweli, yaani kama mtoto aliyeingia shule hajui kusoma anafika darasa la tatu akijua. Ugomvi wake maisha yote ulikuwa mmoja: watoto wanaofichwa siku ya kupimwa.

Desturi hiyo kwetu mnaijua, msijifanye wageni. Mkaguzi akitangazwa, mtoto anayejikwaa kusoma anaambiwa siku hiyo akachunge. Mzazi hakatai, kwa sababu ng'ombe wapo, na nani huku atashangaa kumwona mtoto nyuma ya ng'ombe? Mama yule alikuwa Mkurya wa hapa hapa, alilelewa na desturi hizo hizo. Safari moja nilifuatana naye kwenda shule fulani ya kijijini, kwenye njia ya kwenda Mugumu. Kabla hatujafika shuleni akamwambia dereva akate kona kwenda lamboni. Ebo! Tukawakuta watoto na mashati yao ya shule, wanawanywesha ng'ombe. Akawafungulia kitabu cha darasa la tatu juu ya boneti ya gari. Binti mmoja alikitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye herufi, akasema, "Hii ni m." Mama akamwambia, "Vizuri sana, ni m. Endelea." Hakuwa na pa kuendelea. Nilimwona mama yule akifuta macho kwa ncha ya kitenge chake.

Shuleni mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, wali na nyama vimekwisha kupakuliwa.

"Shikamoo mama. Karibuni, chakula kinapoa."

"Marahaba. Kipoe tu, mura, kijana wangu. Nimetoka kukagua darasa lako la tatu."

"Darasa la tatu liko huku, mama."

"Nusu yake iko lamboni, inachunga."

Mwalimu mkuu akateremsha sauti. "Mama, wale wanatushushia wastani."

"Sasa kama wale hawahesabiwi, mimi nimekuja kupima nini? Kuta?"

Aliandika alichokiona. Wakubwa wake wakamwita alegeze maneno, akakataa. Wakamwita tena, akakataa tena. Mwisho wakamwondoa kwenye ukaguzi, wakamweka kwenye stoo ya vitabu mpaka alipostaafu. Halafu juzi, msibani, anasimama mtu wa ofisi yao na suti yake anatuambia marehemu alikuwa mtu wa ushirikiano, asiyekwazana na yeyote. Uongo mtupu! Alikwazana nao, walimchukia, na alikuwa sahihi. Niliguna kwa sauti, watu wakageuka kunitazama, nikaguna tena.

Mtaala umeboreshwa, tunaambiwa. Vitabu vina picha za kupendeza, walimu wamepelekwa semina, na neno umahiri limekuwa wimbo. Sina ugomvi na hayo. Lakini ukitaka kujua kama mtaala unafanya kazi, usimuulize mtoto anayejibu kabla swali halijaisha. Huyo angejua hata kwa mtaala wa babu yangu. Muulize aliyekwama. Huyo ndiye kipimo, naye ndiye tunayempa fimbo ya kuchungia. Mficha uchi hazai. Na sisi wazazi tusiwatupie walimu peke yao lawama hii, maana watoto ni wetu na tunawatoa kwa hiari.

Nayaandika haya nikiwa na hasira mpya. Leo jioni, hata matanga hayajaisha, mwalimu wa mjukuu wangu kanipigia simu. Binti huyu yuko darasa la tatu, na kusoma bado kunamshinda. Kila jioni namsikia akihangaika na silabi, na roho inaniuma.

"Shikamoo mzee. Kesho tuna wageni wa ukaguzi. Mjukuu apumzike tu nyumbani."

"Marahaba. Kwani anaumwa?"

"Hapana, mzee, ila... si unajua."

"Najua. Atakuja."

"Mzee, utatuponza!"

"Atakuja, mwalimu, na nitakuja naye."

Kwa hiyo ukisoma safu hii, mimi na mjukuu wangu tumekwisha kwenda. Nimemwambia akae dawati la mbele, akiulizwa anyooshe mgongo na asome mpaka pale anapofikia. Akikwama, akwame hapo hapo, mbele ya mgeni na mbele ya mwalimu wake, na asiinamishe kichwa. Wa kuinamisha vichwa ni sisi.