Nilipanga kuipeleka familia Xi'an kwa gari-nyumba, nikapanga kila kitu isipokuwa familia

Wakuu, vuteni viti mnisikilize. Hii imenitokea mimi mwenyewe, siyo "jamaa yangu mmoja". Nitaisimulia ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha, maana najua humu kuna mtu ana mpango kama wangu na bado anaweza kuokolewa.

Nipo Guangzhou mwaka wa tisa sasa. Nanunua nguo Shisanhang, napanga mzigo stoo Sanyuanli, nasafirisha Dar na Mwanza. Mke wangu, Mama Upendo, na binti yetu Upendo wa miaka kumi na mitatu wanaishi Mwanza. Huja kwangu likizo ya Juni.

Likizo mbili zilizopita Upendo alizimalizia stoo. Kila siku nilimwambia kesho tutatoka, na kesho ilikuja na kontena. Aliporudi shuleni aliandika insha ya kuisifu China, na ndani yake kulikuwa na mashine ya kubana marobota na mzee anayeuza gundi ya katoni. Basi.

Mwaka huu nikamwahidi Xi'an. Kwa wasioujua, ni mji uliokuwa makao makuu ya wafalme wa China kwa enzi nyingi. Ukuta wake wa kale bado umesimama, na ni mpana kiasi kwamba watu hukodi baiskeli na kuendesha juu yake.

Aliposikia habari ya baiskeli juu ya ukuta, hakurukaruka. Aliniuliza tu, "Baba, hii ni kweli au ni ya kesho?"

Nikaapa kwamba ni kweli.

Sasa twende taratibu ili anayetaka kuiga aelewe. Gari-nyumba, wengine wanaita RV, ni gari lenye vitanda, jiko dogo na choo ndani. Leseni ya nyumbani haifanyi kazi huku, hata ile ya kimataifa. Lazima uwe na leseni ya China. Mtihani wa nadharia unafanyika hata kwa Kiingereza, kwa hiyo usiogope. Ukiwa na leseni ya gari dogo, RV fupi za chini ya mita sita unaruhusiwa kuendesha.

La pili, kambi. Piga simu mapema uulize kama wanapokea wageni wenye pasipoti za nje, kwa sababu lazima uandikishwe polisi pale unapolala. Ukiambiwa hapana, usigombane, piga inayofuata. Nilipiga nyingi mpaka njia ikakamilika, siku tatu za mwendo wa kistaarabu.

Mpaka hapo nilistahili pongezi. Kosa lilikuja siku nilipokwenda kukagua gari.

Mwenye gari alikuwa ananionyesha vitanda: kimoja juu ya kichwa cha dereva, kingine nyuma. Mimi nikatoa futi mfukoni nikaanza kupima. Urefu, upana, kimo. CBM kumi na sita na ushee.

Wafanyabiashara mnanielewa. Kwa wengine, CBM ni mita za ujazo, ndiyo kipimo cha nafasi kwenye kontena. Ukikaa kwenye kazi hii muda mrefu, macho yanaharibika. Mwenzako anaona chumba, wewe unaona marobota arobaini.

Jioni ile nikamtajia Shebe. Shebe ni Mzanzibari, wakala wa mizigo, ana ofisi Tianxiu. Ni mtu mwema sana, ila hajawahi kuona nafasi tupu akalala usingizi.

"Kumi na sita," akasema. "Na nyie mpo watatu. Ndugu yangu, gari halitembei na hewa."

Nikacheka. Nilipaswa kukimbia.

Kesho yake nikagundua kwamba kila Mtanzania wa Guangzhou ana mpwa anayesoma chuo Xi'an. Sikujua nchi yetu ina wapwa wengi namna ile. Mmoja afikishiwe dagaa, mwingine apelekewe unga wa dona, mwingine blenda, mwingine suti ya harusi ya rafiki yake. Kulikuwa na magunia ya mchele wa Mbeya yaliyovuka bahari mpaka China, nchi ya mchele, na sasa yanatafuta usafiri wa kwenda bara.

Sikumkatalia mtu. Nyote mnajua desturi yetu: mtu akikuambia "nichomekee kamfuko", hukatai, maana kesho ni zamu yako. Kwa miaka tisa sijawahi kukataa kamfuko.

Grupu la WeChat la safari nililianza na watu watatu. Ndani ya wiki tulikuwa zaidi ya arobaini, tuna mwenyekiti, katibu na kamati ya upakiaji. Mwenyekiti alikuwa Shebe. Ajenda zilijadiliwa kwa utaratibu mzuri. Watatu tunaosafiri hatukuwemo kwenye kamati yoyote.

Mama Upendo aliuliza mara moja kwenye grupu tutakula nini njiani. Katibu akamjibu kwamba hoja yake imepokelewa.

Asubuhi ya kuondoka tukapaki nje ya stoo. Shebe akasimamia loading mwenyewe, na kusema kweli, alipanga vizuri. Vizito chini, vyepesi juu, hakuna pengo. Blenda ilikaa chooni. Packing list ilikuwa na mistari sitini na mbili, yote ina uzito na namba. Nilijisikia fahari kama siku nilipofunga kontena langu la kwanza.

Upendo akaja na begi lake la mgongoni na kofia aliyonunua kwa ajili ya jua la ukutani. Akapanda ngazi, akachungulia kitanda cha juu. Mchele. Akaangalia cha nyuma. Suti, dona, majaba ya plastiki. Kiti cha katikati kilikuwa na cherehani iliyofungwa mkanda wa usalama.

Mama yake akanitazama. "Baba Upendo, mwambie Shebe apige seal mlangoni kabisa. Sisi tupo nje."

Nikaanza kueleza. Nikasema mchele ukisukumwa kidogo, mtoto akilala kiubavu, kwa siku tatu tu. Nilikuwa naongea na mke wangu kama naongea na mteja.

Upendo akashuka, akavua begi, akaliweka mlangoni pa stoo.

"Basi mimi nitabaki na mzigo mwingine," akasema. "Nimezoea. Mnipigie picha za ukuta."

Hakulia wala hakununa. Alisema kwa adabu, kama mtu anayempunguzia baba yake kazi. Wakuu, ingekuwa heri angelia.

Nikamgeukia Shebe. Nilitafuta neno la kukataa kwa Kiswahili nikalikosa, sikuwa nimelitumia miaka tisa. Likatoka lile ambalo wauza nguo wa Shisanhang wananiambia kila siku wanapoishiwa mzigo, la Kichina la kusema hakuna.

"Meiyou."

"Meiyou nini?"

"Nafasi. Shusha vyote."

Shebe akaikunja packing list. "Mchina keshakuingia," akasema. Akawaita wapakiaji.

Grupu lilichafuka. Niliitwa mbinafsi, msaliti, mtu wa kujidai. Mwenyekiti alijiuzulu, akarudi, akajiuzulu tena. Mwisho wakatuma mizigo yao kwa kampuni za vifurushi, na yote ilifika Xi'an tukiwa bado hatujavuka Wuhan. Wapwa walikuwa wanakula dagaa sisi tukiwa tunatafuta petroli. Maana yake, mizigo ile haikuwahi kuhitaji gari langu. Wenyewe waliona tu kwamba lina nafasi.

Siku ya nne tulikuwa juu ya ukuta. Mama Upendo alipanda baiskeli ya watu wawili na mimi nyuma, akanikataza kuzungumzia upana wa kitu chochote. Upendo alikuwa mbele yetu sana, kofia imeshikiliwa kwa mkono mmoja, akarudi kutufuata, akatupita tena. Alizunguka ukuta wote. Sisi tuliishia njiani, tukamsubiri.

Funzo nililopata ni kwamba si kila nafasi inaomba kujazwa, na anayekuambia gari lipo tupu hajaangalia walioko ndani yake.

Mwenye swali la leseni, kambi au njia aulize hapa chini, nitajibu mmoja mmoja. Na mliowahi kupakiwa wapwa, tiririkeni.

Ila kabla hujapakia chochote, waingize wote mnaosafiri garini, kila mtu alale kitandani kwake anyooshe miguu, kisha funga mlango. Ukishafunga, ndipo uanze na begi la kwanza.