Siku Kliwon Alipofunga Choo

Pak Wiryadi alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake, tochi mkononi, akikagua gazeti lililotandikwa chini ya kijiti cha kasuku. Alikagua ukurasa wa michezo, akakagua matangazo ya vifo, kisha akalipindua gazeti zima akatazama na upande wa pili. Hakukuwa na kitu. Tangu jana alasiri ndege wa mkewe hakuwa amedondosha hata tone, na Wiryadi alikuwa na hofu, jambo ambalo hakulizoea.

Na huyu ndiye mtu aliyepigana na mavi ya ndege miaka miwili mizima! Binti yao Retno alipoolewa na kuhamia Semarang, alimwachia mama yake kasuku huyo wa kijani, jina lake Kliwon, ili mama asibaki mpweke. Mpweke vipi, Wiryadi alijiuliza wakati ule, na mimi nipo? Lakini yeye hakuwa mtu wa kuuliza, alikuwa mtu wa kutoa sheria. Alikuwa mkaguzi wa mizani katika soko la mji wa Blitar, kisiwani Java, kwa miaka thelathini, na kustaafu hakukumwondolea tabia ya kukagua. Siku Kliwon alipomchafulia bega la shati la batiki mbele ya wastaafu wenzake, alinyoosha kidole.

"Mama Retno, nikiona doa moja tena ndani ya nyumba hii, huyu anaingia tunduni na hatoki mpaka afe."

Bu Suprapti hakubishana. Hakuwa na kawaida ya kubishana. Alimfundisha ndege, na alivyomfundisha hakuna aliyeona, maana mumewe alikuwa akitoka mara tatu nne kwa siku kwenda kibanda cha kahawa kucheza sataranji. Wiryadi aliona matokeo tu. Baada ya miezi michache Kliwon alitembea huru nyumba nzima, na uchafu wake wote ulikuwa juu ya gazeti, hata tunduni hakuacha kitu. Mkaguzi alikagua akakosa kosa, na ukweli ni kwamba jambo hilo lilimkera kidogo.

Jana Bu Suprapti alipanda treni kwenda kwa Retno, aliyejifungua mtoto wa kwanza. Angekaa huko siku thelathini na tano, kama mama yeyote wa Kijava anavyofanya. Pale stesheni alimshika mumewe mkono wa shati.

"Baba Retno, sijakuomba kitu siku nyingi. Nikirudi nimkute Kliwon hai."

Basi Wiryadi akaamua kwamba sataranji ingoje. Alivuta kiti, akakiweka hatua mbili mbele ya kijiti, akaketi kumlinda ndege. Alilinda jana jioni, akalinda tangu alfajiri ya leo. Sasa ilikuwa saa nne, na Kliwon alikuwa amevimbisha manyoya, mkia ukimpandapanda kila akipumua, mbegu za alizeti hataki hata kuzinusa. Wiryadi, aliyekuwa amempima jana, alimpima tena kwa mizani ya jikoni. Ameongezeka gramu kumi na moja! Akampigia mkewe simu.

"Mama Retno, huyu ndege unamfanyaje ili apate choo?"

"Simfanyi chochote. Namtoa, namweka kijitini, anajisaidia."

"Nimemtoa. Nimemweka. Hajisaidii."

"Umemsifu?"

"Nimsifu kwa lipi, naye hajafanya kitu?"

"Mpe maneno mazuri tu, Baba Retno. Naomba usimfokee, tafadhali."

Wiryadi alikata simu, akamtazama ndege, akakohoa. "Kliwon," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwasomea wachuuzi makosa yao, "wewe ni ndege mzuri." Kliwon alisogea mpaka mwisho wa kijiti.

Mas Gandung, jirani aliyefuga ndege wa kuimba tangu ujana, aliitwa. Alimgeuza kasuku, akampapasa tumbo, akambonyeza hapa na pale.

"Haumwi, Mzee. Amejibana."

"Amejibana kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Lakini ukinikodolea macho hivyo, hata mimi nitafunga choo wiki nzima." Gandung akacheka peke yake. "Mletee papai bivu. Ila lisipomfungua leo, kesho utakuwa unachimba kaburi dogo. Na Bu Suprapti utamwambia nini?"

Wiryadi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alivaa kofia ngumu, akatoa pikipiki, akafunga geti, akaenda sokoni mbio. Aliporudi baada ya dakika ishirini alisimama mlangoni mdomo wazi. Juu ya gazeti palikuwa na rundo la kijani na nyeupe, kubwa kuliko alivyodhani ndege anaweza kulibeba. Kliwon alikuwa akijinyoosha mabawa.

Mzee karibu alie kwa furaha. Alimenya papai akamlisha ndege vipande vitano, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Ndege alipojisaidia, papai lilikuwa bado mfukoni. Ndege amefunguliwaje na dawa ambayo hajaila?

Akaketi tena kulinda. Saa sita, hakuna kitu. Saa nane, hakuna kitu, na manyoya yakaanza kuvimba upya. Wiryadi alivuta pazia, akalifungua. Akabadilisha gazeti, labda habari za bei ya mchele zilimkera ndege. Akamwimbia kidogo, akaona haya, akanyamaza. Saa tisa na nusu gesi ya jiko ikaisha, akaenda kununua mtungi. Aliporudi, gazeti limechafuka.

Alikuna kichwa. Alitazama dirisha, kwamba labda kuna mtu anaingia. Alifikiria jini, akajiambia mimi nina elimu. Halafu ile kazi ya miaka thelathini ikamrudia, maana mizani usiyoielewa hailaumiwi, inajaribiwa. Mara zote mbili yeye alikuwa ametoka. Basi atoke tena.

Saa kumi na moja alivaa kofia, akawasha pikipiki, akaitoa, akafunga geti kwa kishindo kama siku zote. Mbele kidogo akaizima, akairudisha kwa kuisukuma, akajibanza nje ya ukuta chini ya dirisha la sebule.

Kisha ndani ya nyumba isiyo na mtu alisikia sauti ya mkewe.

"Haya, ameondoka!"

Alikuwa Kliwon akimwiga. Likafuata tone kwenye gazeti, na baada ya tone, kicheko, cha Bu Suprapti, kirefu, cha tumboni, cha mwanamke aliyeshika mbavu na hajali nani anamsikia. Ndege alikicheka mpaka mwisho, akarudia. Wiryadi alikuwa ameishi na mke wake miaka thelathini na nne na alijua anavyokohoa, anavyopiga chafya, anavyokanyaga. Kicheko hiki hakuwahi kukisikia. Alijitahidi kukumbuka angalau mara moja, harusini, Retno alipozaliwa, popote. Hakupata, na iliuma.

Simu ililia akiwa bado amesimama palepale.

"Baba Retno, vipi, amepata choo?"

"Amepata."

"Alhamdulillahi! Ulimfanyaje?"

"Nilitoka."

"Ulitoka kwenda wapi?"

"Sikwenda popote. Nilitoka tu nyumbani, Mama Retno."

Simuni alimsikia mjukuu akilia, na Retno akimbembeleza.

"Mlikuwa mkicheka nini?" aliuliza. Alitaka kuuliza kwa upole, lakini hakuwa na uhakika kama ilitoka hivyo.

"Umekula?" mkewe aliuliza.

Akasema amekula, na hakuwa amekula. Alikaa ndani kidogo, kwenye kiti cha jikoni, mbali na kijiti. Ilipokaribia magharibi alimwona Kliwon akianza tena kuvimbisha manyoya na kumtazama kwa jicho moja. Wiryadi alichukua kofia yake, akatoka, akafunga geti kwa nguvu ili ndege asikie vizuri.