Hewa ya Alasiri

Enzi za malori, mama alikuwa akipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, kinarudi cheusi. Kisha ikatoka amri: malori ya makontena kutoka bandari ya Kilindini yasipite mchana karibu na mitaa ya watu. Haukupita muda, kidole kikaanza kurudi safi. Mama, ambaye ana pumu tangu ujana, akalifungua dirisha la ghorofani kwetu Majengo, akatandika mkeka pale pale, akawa anatungia vikuba vyake, vishada vya asumini vya kujipambia. Maharusi wa Mji wa Kale wanamjua kwa kazi hiyo. Asumini huchumwa zingali vitumba na hutungwa alasiri, kabla hazijafunguka magharibi. Saa nyingine haipo.

Mimi kazi yangu ni kusoma vipimo vya hewa. Siku moja nilikuwa na furaha, maana masizi yalikuwa yameshuka sana. Nikatupa jicho kwenye ozoni, gesi nyingine tunayoipima. Imepanda! Alasiri, jua likiwa kali, imepanda kuliko enzi za malori. Nikamwambia mwenzangu, mtu wa bara tunayekaa naye ofisi moja, kwamba mashine imeharibika.

"Haijaharibika, ndugu yangu," akasema. "Kuna gesi kwenye moshi wa dizeli iliyokuwa ikiila ozoni hapa karibu na barabara. Hiyo tumeipunguza. Mvuke wa petroli na wa thina, zile za kuzimulia rangi ya magari, hatukuugusa. Jua linaupika pamoja na moshi uliobaki, ozoni inazaliwa, na sasa haina wa kuila."

Nilitamani kumzaba kofi. Tumelilia amri hii miaka, imekuja, inafuatwa, halafu ndiyo hii? Ozoni ya hapa chini haionekani, na huchoma mapafu, ya wenye pumu kwanza. Ndipo nikakumbuka kikohozi kipya cha mama. Nilidhani ni mafua. Lakini mafua gani ya alasiri tu? Niliondoka bila kumuaga mtu.

Nilimkuta dirishani, mabega yanapanda na kushuka, sindano bado iko mkononi. Nikalifunga dirisha kwa kishindo, nikampa dawa yake ya kuvuta.

"Wanifungia hewa?" akauliza alipopata sauti. "Moshi si umekwisha, mwanangu?"

Nikamweleza. Alinitazama kama mtu anayeambiwa maji ya mtungi wake yana sumu.

"Kwa hivyo wayarudishe malori?"

"La, mama. Masizi nayo yangekuua. Wamefanya nusu ya kazi."

"Na hiyo nusu nyengine wataifanya lini?"

Chumba kilikuwa kimepata joto la tanuri. Jasho lilimtiririka hadi kwenye sinia ya maua, na asumini, ambazo harusi ilikuwa ikizingoja jioni ile ile, zikaanza kufunguka kabla ya wakati wake. Mama aliziangalia kidogo. Akainuka akishikilia ukuta, akalifungua dirisha, akaketi kumalizia kikuba.