Honi Iliyosikika Jikoni

Mtaani kote walimwita Dereva, ingawa miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu ashuke kwenye injini yake ya mwisho. Alikuwa mbishi, niseme ukweli mapema, tena mbishi wa kupindukia: angebishana hata na saa ya ukutani ikitofautiana na ya mkononi mwake. Baada ya kustaafu alijitengenezea treni ya mfano kwa mabati na mbao, injini ya dizeli ndefu kama mkono wa mtu mzima, ikizunguka nyumba juu ya reli alizozikunja mwenyewe. Haikuwa na sauti. Mkewe alikuwa akiiona inapita chini ya dirisha la jikoni, anaangua kicheko.

"Treni gani hii bubu, mume wangu? Inanyemelea watu kama paka!"

Siku hizi hakumtania tena. Ugonjwa wa kusahau ulimwingia polepole, ukaanza na funguo, ukahamia kwenye majina ya majirani, kisha ya watoto. Asubuhi moja Dereva alimpelekea chai kitandani, naye akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Ahsante, mzee," akasema. "Wenye nyumba wamekwenda wapi?" Dereva alitoka nje, akashika ukuta, akalia. Angemtukana, afadhali, maana mke hugombana na mumewe. Lakini adabu ile, adabu ya mtu anayezungumza na mgeni, ilimkata maini.

Ndipo alipoikumbuka honi. Enzi za kazi, alipokaribia mahali reli ilipokatiza barabara jirani na kwao, kanuni ilitaka apige honi moja ndefu. Yeye aliongeza mbili fupi, za mkewe. Wakubwa walimwonya kwa barua. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea kupiga. Mkewe akizisikia alibandika maji ya kuoga, na Dereva alipofika nyumbani alikuta ndoo inafuka mvuke. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Kama kuna kitu kimebaki kichwani mwa mama huyu, aliwaza, ni honi ile. Akiisikia atanijua. Hata iwe kwa siku moja, atanijua.

Akaifunga treni yake kwenye taulo, akaenda nayo kwa fundi wa redio. Fundi huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye duka lililojaa spika zilizofumuliwa na ulimi usio na breki.

"Nataka iongee," Dereva alisema, akilifungua taulo juu ya meza.

"Iongee nini? Isije ikaniambia siri zako, mzee wangu." Fundi alicheka, akaiunganisha mota na umeme, akalishika gurudumu lisizunguke huku akitazama mita. Akaguna. "Mota yako ina ulafi. Kuna kidude kinaitwa dikoda, kinakaa tumboni mwa treni, ndicho kinachotoa mngurumo na honi. Sasa hizi ndogo, za treni za kuchezea mezani, mota hii itaziunguza kabla haijamaliza mzunguko mmoja. Chukua hii kubwa. Na kwa vile tumbo la treni yako lina nafasi, tutatia spika pana kama kisahani. Kazi iliyobaki ni yako: uchague sauti."

Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Kompyuta ya fundi ilikuwa na sauti tisa za injini za dizeli, zilizorekodiwa kwenye injini za kweli, na dikoda ilipokea moja tu kati yake. Dereva alihamia pale dukani siku tatu. Alifumba macho, mkono wa kushoto ukisukuma wenzo wa mwendo usiokuwepo, mguu ukikanyaga hewa, wateja wakimtazama na kukonyezana. Hii imechoka, alisema. Hii pampu yake inakohoa. Hii ni ya mtu asiyejua kupandisha mwendo. Siku ya tatu, fundi alipobonyeza ya saba, machozi yakamlengalenga.

"Ni hiyo," alisema. "Ni hiyo hiyo, mwanangu. Hata kiti nakisikia kinavyotikisika."

Fundi aliipakia kwenye dikoda, akapanga honi kwenye kidude cha mkononi cha kuiendeshea treni: ndefu moja, fupi mbili.

Siku ya kuijaribu Dereva alinyoa ndevu. Alimketisha mkewe jikoni, dirisha wazi, akaenda uani na kuiwasha treni. Ikanguruma kwa mngurumo mzito wa kushiba, ikapita chini ya dirisha, honi ikalia. Alikimbilia ndani, roho juu juu. Mkewe alikuwa ameziba masikio.

"Mzee, samahani," alisema, "waambie majirani wazime hiyo mashine yao. Inaumiza kichwa."

Siku mbili Dereva hakuigusa treni, wala hakula chakula cha kueleweka. Jumamosi binti yao mkubwa alikuja kumuogesha mama yake, akamkuta baba ameinama. Aliposimuliwa mkasa wote aliomba aisikie. Alisimama jikoni, pale pale dirishani, na honi ilipolia akatikisa kichwa.

"Baba, hiyo siyo."

"Wewe unajua nini? Nimeendesha injini ile kabla hujazaliwa!"

"Ndiyo, uliendesha. Ulikuwa ndani yake." Binti alisema kwa upole, maana alimjua baba yake. "Sisi tulikuwa huku. Kwanza vikombe vilikuwa vinalia kabatini, kidogo tu. Halafu inakuja honi, nyembamba, ya mbali, kama imepita kwenye bomba. Mngurumo wenyewe ulikuwa wa mwisho. Hiyo uliyochagua mama hajawahi kuisikia maishani mwake."

Dereva alivuta kiti, akaketi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akirudi nyumbani, na hata siku moja hakuwahi kujisikia akirudi. Aliona haya. Alijiona mtu aliyependa kwa masikio yake mwenyewe, na kumwachia mwenzake kusubiri.

Jumatatu walikwenda dukani wote wawili. Safari hii kiti alikalia binti, naye Dereva akasimama nyuma yake, ametulia kama abiria. Fundi alieleza kwamba sauti ya pili ilirekodiwa na mtu aliyesimama kando ya reli, treni ikija kutoka mbali, ndiyo maana wengi huikataa kwa kuona haina nguvu. Dereva mwenyewe, alipokuwa kwenye kiti kile, aliipita siku ya kwanza bila kuimaliza. Binti aliisikiliza mara moja. Alishika mkono wa baba yake bila kugeuka.

"Hii," alisema. "Ipunguzwe kidogo, na honi itangulie."

Fundi, ambaye siku hiyo hakutania, aliigeuza spika iangalie chini ili sauti ipite kwenye udongo kwanza.

Jioni ile binti alibaki uani na kidude cha mkononi. Dereva aliketi jikoni na mkewe, aliyekuwa akikunja taulo lile lile, analikunjua, analikunja tena. Treni ilianzia kona ya mbali, nyuma ya stoo. Honi moja ndefu, nyembamba. Mbili fupi.

Mkono wa mkewe ukasimama. Akainua uso, na Dereva, nakwambia, aliuona uso ambao hakuuona kwa miaka miwili. Macho yalikaa mahali pake. Mwanamke akasimama bila kushikwa, akatwaa sufuria, akaijaza maji, akaibandika jikoni na kuwasha moto mwenyewe. Akakaza kitambaa cha kichwa. Kisha akamgeukia, na Dereva akainuka, mikono tayari.

"Mzee wangu, utanisamehe," mkewe alisema, akitabasamu kwa haya. "Itabidi uende. Mume wangu huyo anakuja, na akitoka kazini hapendi kukuta wageni kabla hajaoga."

"Ni mimi," Dereva alisema. "Mke wangu, nimeshafika. Ni mimi."

Mkewe alimtazama kwa huruma. "Wewe umechoka, mzee. Mume wangu ni kijana."

Angebishana. Maisha yake yote angebishana. Lakini furaha ile ilikuwa bado imejaa usoni mwa mkewe, na kila neno ambalo angeongeza lingeichuna. Dereva alichukua koti lake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Binti alimwona, akaja mbio; Dereva akamwashiria arudi kwenye treni. Akazunguka nyumba yake mwenyewe polepole, akajifuta uso kwa kiganja, akafika mlango wa mbele, akabisha hodi.

Akasikia miguu ya mkewe ikija haraka, haraka kama zamani. Mlango ukafunguka kwa nguvu. Mkewe alimtazama, na kile kilichokuwa kinawaka usoni kikafifia. Akanyoosha shingo, akatazama njia nyuma ya bega lake.

"Umepishana naye huko?" aliuliza.

Dereva naye aliitazama njia. "Nimemwona," alisema. "Yuko njiani."

"Amesema anakuja?"

"Amesema anakuja moja kwa moja kwako."

Mwanamke akashusha pumzi, akafungua mlango wote. "Basi pita ukae, mzee. Tumsubiri."

Akapita, akakaa kwenye kiti cha wageni. Wakamsubiri wote wawili mpaka maji yakakauka jikoni.