Kilio cha Mnyamwezi juu ya Ekseli

Siku yangu ya kwanza kazini niliianza kwa kuswaga ng'ombe. Msicheke! Motakaa ya Bwana iliteremshwa kwenye treni pale stesheni ya Morogoro, ikapigwa hendeli, yaani kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele mpaka iamke, nayo ikakataa katakata. Ikabidi ifungwe kamba, ivutwe na ng'ombe hadi shambani, mimi niko juu nimeshika usukani na mji mzima unanitazama. Nyie madereva wa leo mnaobonyeza kitufe mngekufa kwa aibu.

Bwana alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani, mwenye shamba la katani upande wa Mlali. Kiswahili alikijua vizuri, na hasira alikuwa nazo. Aliinunua ile motakaa kwa ajili ya mkewe, ambaye sote tulimwita Bibi, na binti zao wawili, ili Jumapili wafike kanisani bila kulowa. Mimi kabla ya hapo nilikuwa mtunza nyumbu. Akaniambia, "Mloka, nyumbu wakaidi unawaweza. Hii nayo utaiweza." Nyumbu, walau, hula majani wakatulia.

Rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, lilichemka kila kilima, na huku kwetu Uluguru ni kilima juu ya kilima. Tukikwama, nawaita watu wa karibu, wanasukuma huku wakiimba nyimbo za harusi. Ndio walioipa ile motakaa jina la Bibi Harusi, maana hatoki mpaka asindikizwe. Wale binti walilipenda jina hilo, na hata mama yao akawa ananiuliza asubuhi, "Mloka, Bibi Harusi ameamkaje?" Nami nilimpenda, nisiwafiche. Nilimpangusa vumbi kabla sijanawa uso wangu mwenyewe.

Alikuja na dhamana: ikiharibika yenyewe ndani ya mwaka wa kwanza, wakala aliyeiuza kule Dar es Salaam ataitengeneza bure. Lo, wakala yule! Springi zikikatika, anasema barabara yenu mbaya. Rejeta ikivuja, anasema maji yenu ya milimani ndiyo yanayoitoboa. Maji ya Uluguru, jamani! Maji tuliyokunywa mpaka tukazeeka!

Basi siku moja tukitoka Mlali ekseli ikavunjika, ule mtaimbo unaobeba magurudumu ya mbele, na ndani yumo Bibi na watoto. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, ila Bibi Harusi alipiga magoti mchangani. Na mwendo wangu ulikuwa wa pole, hata mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alikuwa ametupita.

Safari hii wakala akaja mwenyewe kwa treni, pamoja na fundi wake, Mnyamwezi mmoja jina lake Mihambo. Fundi akaingia uvunguni. Wakala hakuinama hata kidogo. Akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Ekseli haikuwa na kasoro. Dereva wako ameikimbiza kwenye makorongo, na dhamana haihusu uzembe."

"Bwana, sikukimbiza," nikasema. "Muulize Bibi."

"Bibi hajui mambo ya mwendo," akadakia wakala.

Bwana akanigeukia. "Mloka, kama ni uzembe, kesho unakwenda boma. Hamsa wa ishirini, halafu usirudi hapa."

Hamsa wa ishirini ni viboko ishirini na tano, umelazwa kifudifudi, na alama zake mtu alikwenda nazo kaburini. Wafanyakazi waliokusanyika wakaanza kunong'ona, "Masikini Mloka. Masikini Bibi Harusi wake."

Mihambo akachomoza kichwa uvunguni. "Wewe kabila gani?"

"Mluguru."

"Ala! Mtani wangu!"

Mnaujua utani wetu na Wanyamwezi. Msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu na kutoboa siri zake zote, na wafiwa hawawezi kumkasirikia. Mihambo akatoka, akavua kofia, akajitwika mikono kichwani, akaangua kilio mbele ya ile motakaa.

"Uwii, Bibi Harusi wa Waluguru! Umekufa hujafaidi! Siku unateremshwa melini ulidondoka, mwanangu, mguu ukavunjika, tukakuunga kwa moto kama jembe! Tukakupaka rangi! Tukakuleta kwa mume, tukasema huyu mwali hajaguswa! Na hawa Waluguru, walivyo washamba, wakakupokea kwa vigelegele! Uwii!" Huku anachechemea, mguu mmoja anauburura.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka, na Bwana hakucheka. Alitoa kisu mfukoni, akaingia uvunguni na suti yake nyeupe, akakwangua rangi kando ya pale palipovunjika. Kiungo cha mhunzi kikaonekana.

"Fundi wako analia vizuri," akamwambia wakala.

"Ni mzaha tu huu!"

"Ndiyo. Sasa leta ekseli mpya."

Mihambo alifukuzwa kazi pale pale. Nikamwambia, "Umejiponza, ndugu yangu." Akanijibu, "Nimelia msibani, basi. Ulitaka nikae kimya kama jiwe?" Bwana akamwajiri, tukahangaika na Bibi Harusi pamoja mpaka vita vilipokuja, jeshi likamchukua tusimwone tena. Tulimlilia kweli siku hiyo, sisi wawili, bila utani.

Baadaye nimeendesha malori ya Waingereza na ya Wahindi, mpaka macho yakakataa nikapumzika. Magari mazuri yale, yanaamka ukiyagusa, na sikumbuki hata moja lilikuwa rangi gani. Mihambo naye alioa kwetu, akahamia Kingolwira, akalima, na kila akiniona aliniuliza kama nimeshajifunza kuendesha.

Mwaka jana alifariki. Kaburini wanawe wakanitazama, maana zamu ilikuwa yangu. Nikampigia hendeli, nikamwigiza anavyopiga chafya akinusa petroli, nikasema huyu mlafi amekufa na deni la ugali wa Waluguru wote. Watu wakacheka, hata mjane. Walikuwapo pale wazee wa rika langu, na wengi wao mashati yanaficha alama za kiboko cha boma. Nikalivua langu mbele ya wanawe, nikageuka, wauone mgongo wangu usio na alama hata moja.